Mwulizaji Ameketi Wapi? Mgeni, Mwenyeji na Wazee katika Utafiti wa Nyanjani Gusii

Ni jamii chache nchini Kenya zilizoandikwa na wanaethnografia kwa mfululizo mrefu kama Abagusii. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, milima ya Kisii na Nyamira imepokea watafiti kutoka Uingereza, Marekani, Sweden na Denmark, na baadaye ikatoa watafiti wake yenyewe. Wameandika kuhusu nasaba, mahari, tohara, malezi, ardhi, uchawi na ugomvi wa mume na mke. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopewa hati mwaka 2013, amezungukwa na hazina hiyo. Hata hivyo, anapofika kwenye somo la mbinu za utafiti, mara nyingi huanzishwa kwa hojaji, sampuli na mpangilio wa sura za ripoti. Huingia nyanjani akijua kuuliza swali, lakini hajafundishwa kujiuliza yeye ni nani kwa yule anayemwuliza.

Makala haya yanalinganisha mapokeo matatu ya kutafuta ukweli kuhusu watu: ya mgeni anayekuja kukaa, ya mwenyeji anayeandika kuhusu kwao, na ya Abagusii wenyewe, waliokuwa na taratibu za kuuliza na kuhakiki kabla ya darasa lolote kujengwa. Hoja yangu ni kwamba hakuna kiti cha utafiti kisicho na upande. Kila mahali anapoketi mwulizaji panamwonyesha jambo moja na kumficha jingine. Hilo ndilo somo la kwanza, na hojaji inaweza kungoja.

Tuanze na mgeni. Bronisław Malinowski alikaa katika visiwa vya Trobriand wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuchapisha Argonauts of the Western Pacific mwaka 1922. Masharti aliyoyasisitiza yamekuwa msingi wa taaluma hii: kaa muda mrefu, jifunze lugha, ishi karibu na watu, andika kila siku, na usiandike sherehe pekee bali pia mambo madogo ya asubuhi na jioni. Waswahili wana methali inayobeba sharti hilo: nyumba usiyolala ndani huijui ila yake.

Philip Mayer alifanya kazi Gusii katika mkondo huo, lakini akiwa mwanasosholojia aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni. Mwaka 1949 alichapisha The Lineage Principle in Gusii Society, mwaka 1950 Gusii Bridewealth Law and Custom, na mwaka 1951 tafiti mbili fupi: moja kuhusu vikundi vya majirani vinavyosaidiana kulima, nyingine kuhusu juhudi za kuweka kikomo cha mahari. Ni maandishi makini, na hadi leo mtu anayetaka kuelewa jinsi koo za Gusii zilivyopangwa huanzia hapo. Lakini msomaji mchanga anapaswa kufundishwa kuuliza swali moja kabla ya kunukuu. Mzee mwenye mabinti kadhaa, akiulizwa na mtu anayelipwa mshahara na serikali ng'ombe wangapi walilipwa, wakati kikomo cha mahari kinajadiliwa, atajibu nini? Si lazima adanganye. Inatosha achague la kusema. Jibu lake litakuwa la kweli, na bado litakuwa limepimwa kwa kimo cha mwulizaji.

Robert na Barbara LeVine walikuja kwa njia nyingine. Walifanya utafiti wao kati ya 1955 na 1957, Kenya ikiwa chini ya Hali ya Hatari, katika mradi wa Tamaduni Sita uliohusishwa na John na Beatrice Whiting. Jumuiya sita zilichaguliwa: moja Gusii, na nyingine India, Okinawa, Mexico, Ufilipino na New England nchini Marekani. Watafiti wote walifuata mwongozo mmoja. Watoto wa umri wa miaka 3 hadi 11 walitazamwa kwa vipindi vya dakika tano wakiwa katika shughuli zao za kawaida, na yaliyotendeka yakaandikwa papo hapo. Kitabu cha Gusii, Nyansongo: A Gusii Community in Kenya, kilitoka mwaka 1966. Nyansongo ni jina la kubuni. Watu wa pale walifichwa nyuma yake kwa makusudi.

Faida ya mwongozo mmoja ilionekana mwaka 1975, Beatrice na John Whiting walipochapisha Children of Six Cultures. Watoto wa Nyansongo, pamoja na wale wa Mexico na Ufilipino, walionekana kuelekea zaidi kwenye kutunza wengine na kubeba wajibu, ilhali wa New England walielekea zaidi kutafuta kusaidiwa na kuangaliwa au kutawala wenzao. Maelezo hayakuhusu damu wala kabila. Yalihusu kazi: mtoto anayekabidhiwa mdogo wake mgongoni, anayetumwa kuni na maji, anayelinda ng'ombe, hujifunza kumtazama mwingine kabla ya kujitazama. Mwenyeji aliyekulia humo huenda asingeliona jambo hilo kuwa na haja ya kuandikwa. Mgeni aliliona kwa sababu kwao halikuwapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mara nyingine mwenyeji hupona upofu wa mazoea.

Lakini jicho la mgeni likiharakishwa huzaa hukumu, na Gusii ina mfano bora wa hatari hiyo na wa dawa yake. Kati ya 1974 na 1976 Robert LeVine alirudi na kundi la watafiti, wakiwemo Sarah LeVine na madaktari wa watoto, kuchunguza malezi ya watoto wachanga. Walilinganisha akina mama wa Gusii na akina mama wa Boston. Mama wa Boston alizungumza na mtoto wake mchanga, akamkazia macho, akamchekesha na kungoja ajibu. Mama wa Gusii alizungumza naye kidogo, na mara nyingi aligeuza uso mtoto alipochangamka kupita kiasi. Mtafiti wa juma moja angeandika kwamba akina mama hawa ni baridi. Watafiti waliokaa waliona mengine: mtoto alibebwa karibu kila wakati, alilala kando ya mama, alinyonya mara alipotaka, na kilio chake kiliitikiwa haraka. Kitabu chao cha 1994, Child Care and Culture: Lessons from Africa, kikaeleza kwamba mama wa Gusii alifuata lengo la kumlinda na kumtuliza mtoto katika miaka ambayo uhai wake uko hatarini zaidi, ilhali mama wa Boston alifuata lengo la kumfundisha mapema. Ni upendo uleule ukielekezwa kwenye hofu mbili tofauti. Ningetamani kila mwanafunzi asome sura hizo kabla ya kuandika neno "kupuuza" katika ripoti yake kuhusu familia yoyote.

Sasa tugeukie mapokeo ya mwenyeji. Watu huyadhani kuwa mapya. Kwa Kiswahili yana zaidi ya karne. Mwaka 1903 kilichapishwa Desturi za Wasuaheli, kilichokusanywa na Mjerumani Carl Velten, ambacho sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi kutoka sehemu za Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mtoro alieleza uzazi, unyago, ndoa, biashara na mazishi kwa lugha ya watu wenyewe, miaka 19 kabla ya kitabu cha Malinowski. Aliandika kwa sababu mgeni alimwomba, na hilo lina alama yake: anafafanua mambo ambayo asingemfafanulia jirani. Hata hivyo sauti ni yake, na mpangilio wa maisha unaoonekana humo ni wa mtu aliyeyaishi.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, wanafunzi wawili wa Malinowski huko London walichapisha vitabu kuhusu kwao. Facing Mount Kenya cha Jomo Kenyatta kilitoka 1938. Peasant Life in China cha Fei Xiaotong kilitoka 1939. Mwalimu ni mmoja, na vyote viwili vilitanguliwa na maneno yake, lakini matumizi ni mawili. Kenyatta aliitumia ethnografia kutetea ardhi na hadhi ya Wakikuyu mbele ya wakoloni, na kwa hiyo jamii anayoichora ina mshikamano mkubwa na nyufa chache. Fei alitazama njaa ya wakulima na kuporomoka kwa hariri ya nyumbani, akatafuta tiba. Uenyeji haukuwapa jibu moja. Uliwapa jukumu, na jukumu lina mwelekeo wake. India ilitoa onyo jingine. M. N. Srinivas, Mbrahmini, alitafiti kijiji cha Karnataka, na kitabu chake The Remembered Village cha 1976 kinaonyesha jinsi tabaka lake lilivyoamua akaribishwe nyumba ya nani na ale na nani. Alikuwa mwenyeji, na bado milango mingine ilikuwa nusu wazi kwake.

Gusii nayo ina kiti cha katikati, cha jirani. William Robert Ochieng', mwanahistoria Mjaluo kutoka Yimbo, alichapisha A Pre-colonial History of the Gusii mwaka 1974, akitegemea sana simulizi za wazee, kisha mwaka 1975 akatoa historia ya Kadimo, kwao Yimbo. Mjaluo anayewauliza Abagusii walivyohama na walivyopigana si mgeni wa kutoka mbali. Mababu zake wamo ndani ya simulizi anayoandika, kama wavamizi, wachumba, au washirika wa biashara ya wimbi na mifugo. Baada yake wakaja wenyeji. Justus Ogembo aliandika kuhusu mauaji ya watu waliodhaniwa wachawi, kitabu kilichotoka 2006. Mwaka huohuo John Akama na Robert Maxon walihariri Ethnography of the Gusii of Western Kenya, mwenyeji na mgeni wakishika kalamu pamoja.

Tofauti ya viti hivi inaonekana vizuri tukifuata jambo moja kwa muda mrefu. Chukua mahari. Mayer, mwaka 1950, aliandika kuhusu sheria: ng'ombe wangapi, nani anadai, nini hutokea ndoa ikivunjika. Thomas Håkansson wa Sweden, katika Bridewealth, Women and Land cha 1988, alikuta ndoa nyingi zikianza bila mahari kulipwa, naye akauliza swali la ardhi: mwanamke ambaye hajalipiwa mahari ana haki gani katika shamba la mume, na wanawe watarithi wapi? Margrethe Silberschmidt wa Denmark, katika kitabu chake cha 1999 kuhusu uhasama wa kijinsia Kisii, aliwasikiliza pia wanaume waliobaki na cheo cha kichwa cha nyumba huku uwezo wa kukitekeleza ukiwaponyoka. Gusii ilibadilika kati ya watatu hawa: watu waliongezeka, mashamba yakagawanywa na kugawanywa tena, chai na pareto vikaingia. Lakini mwulizaji naye alibadilika. Wa kwanza aliwasikiliza sana wazee wa baraza, na mwenye baraza husimulia sheria. Anayesikiliza wake na vijana husikia jinsi sheria hiyo inavyokwepwa, na gharama ya kuikwepa.

Hapa ndipo mapokeo ya Abagusii wenyewe yanapotufaa, na ndipo vitabu vya mbinu vinapokaa kimya. Zipo kanuni za staha ziitwazo chinsoni, ambazo Mayer na LeVine waliziandika kwa kina. Zinatenganisha kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto. Baba haingii ovyo katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mambo ya kitandani hayatajwi mbele ya mtu wa kizazi cha wazazi wako, hata kama si yeye aliyekuzaa. Kati ya babu na mjukuu, au nyanya na mjukuu, mlango uko wazi: hutaniana, huulizana, huambiana yasiyosemeka kwingine.

Mfikirie msichana wa Nyamira anayetumwa na mradi wake kuwauliza kuhusu uzazi wa mpango wanawake wa rika la mama yake, katika kijiji chake mwenyewe. Atajibiwa kwa adabu na kwa ufupi. Akirudi chuoni ataandika kwamba wasailiwa hawana ufahamu wa kutosha, na takwimu zake zitamuunga mkono. Ukweli ni kwamba wanawake hao walimlinda, wakajilinda wenyewe, na wakaonyesha malezi mema. Angekwenda kwa magokoro, nyanya yake, akakaa naye akimsaidia kuchambua mboga za chinsaga, angesikia habari za vizazi vitatu. Mwenzake kutoka Machakos, ambaye hayumo katika mtandao huo wa staha, angeweza kuwauliza akina mama walewale maswali yaleyale na kupata majibu marefu zaidi, ingawa asingejua ni neno gani limerukwa. Hojaji ni ileile. Kilichobadilika ni kiti.

Abagusii walikuwa pia na mtafiti wao mwenye cheo. Ndoa ilipopangwa, mshenga aitwaye esigani alichunguza nyumba zote mbili: tabia, afya, sifa ya uchawi, uhusiano wa koo. Aliwauliza majirani, akalinganisha maneno ya huyu na ya yule, na hakutangaza kila alichosikia. Tumtazame kama mwalimu wa mbinu. Alijulikana na pande zote mbili. Hakutegemea chanzo kimoja. Na aliishi na matokeo ya taarifa yake, maana wale aliowaunganisha walibaki kuwa watu wake. Mtafiti wa chuo huondoka baada ya kupata alama; esigani hakuwa na pa kuondokea. Tena kulikuwa na risaga, mwito wa majirani kulima shamba la mmoja wao, uliomalizika kwa pombe na mazungumzo. Anayeshika jembe pale husikia bila kuuliza. Huo ndio uchunguzi shirikishi, na leo mwanafunzi anaweza kuufanya katika mavuno ya chai Kebirigo au kwenye machimbo ya mawe ya kuchonga Tabaka.

Mapokeo haya nayo yana kasoro, na kuyapenda si kuyasamehe. Baraza la wazee lilikuwa la wanaume. Esigani alipouliza kuhusu uchawi, jibu lingeweza kuichafua nyumba isiyo na hatia kwa vizazi. Hatari hiyo haijaisha. Mwezi Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa moto Kisii kwa tuhuma za uchawi, na Oktoba 2021 wanawake wanne waliuawa Marani kwa tuhuma hizohizo. Katika mazingira hayo, daftari la mwanafunzi lenye jina la mwanamke mzee na neno "mchawi" kando yake linaweza kumuua mtu. Jina la kubuni, ambalo LeVine alilitumia kwa kijiji kizima, linaweza kuokoa maisha.

Sheria nayo imebadilisha kiti cha mtafiti. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ya 2011 inafanya kutoripoti kosa hilo kuwa kosa. Mayer aliandika kuhusu sherehe za jando na unyago wa Gusii mwaka 1953 bila kizuizi cha namna hiyo. Mwanafunzi wa leo anayemwahidi mama mmoja siri kamili, kisha akaelezwa kwamba binti atakeketwa likizo ya Desemba, ameahidi asichoweza kutimiza. Lazima ajue kabla ya kufungua mdomo ni siri zipi anaweza kuzitunza, na amwambie msailiwa hivyo kwa lugha inayoeleweka. Kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi na ruhusa ya chifu ni vya lazima, lakini havichukui nafasi ya mazungumzo hayo.

Basi somo la utafiti wa nyanjani kwa wanafunzi wa Kisii na Nyamira lingeanzaje? Kabla ya swali lolote kuandikwa, kila mmoja achore ramani ya nafasi yake: ukoo, kizazi, jinsia, ndoa, dini, na nani kijijini anamdai au kumwogopa baba yake. Kisha wafanye kazi wawili wawili, mwenyeji na asiye mwenyeji, wakamwulize mtu mmoja kwa nyakati tofauti na kulinganisha majibu. Pengo kati ya majibu hayo mawili ni data, wala si kosa la kusahihishwa. Waandike shajara kwa Ekegusii au Kiswahili, lugha ambamo jambo lilisemwa, na tafsiri ije baadaye. Watazame kwa dakika tano bila kutafsiri walichokiona, kama walivyofundishwa watafiti wa Tamaduni Sita. Mwisho wawarudie waliowapa maneno, wawasomee walichoandika, na wakubali kupingwa.

Hili halihitaji fedha nyingi, na Kenya imewahi kulifanya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, John na Beatrice Whiting waliendesha kitengo cha utafiti wa makuzi ya mtoto katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wanafunzi Wakenya walijifunza kutafiti katika jamii zao. Sasa Gusii ina chuo chake, ina wasomi wake, na ina rafu ya vitabu inayoanzia 1949. Kinachokosekana ni kumwamini kijana wa mwaka wa pili kiasi cha kumpa vitabu hivyo avipinge, na kumpa muda wa kukaa na watu kabla ya kuwahesabu. Mayer na LeVine walipewa muda huo na taasisi zao. Mtoto wa Kitutu au wa Bobasi anastahili usiopungua huo, kwa kuwa makosa atakayoandika kuhusu Gusii ataishi nayo yeye na majirani zake.